Kabusi Zisizo na Kwao: Behewa la Mkiani katika Treni za Mizigo za Kupitiliza Nchini Marekani

1.0 Utangulizi

Kwa zaidi ya miaka mia moja, treni ya mizigo ya Marekani haikuhesabiwa kuwa imekamilika mpaka ifungwe mkiani behewa dogo, mara nyingi jekundu, lenye bomba la moshi na dungu juu ya paa. Behewa hilo liliitwa kabusi. Jina hilo linahusishwa na neno la Kiholanzi la kale lililomaanisha jiko la merikebuni, na asili hiyo inaeleweka, kwa kuwa humo ndani palipikwa, palilaliwa na paliandikwa hesabu za safari. Si kila mahali lililoitwa hivyo. Kampuni ya Pennsylvania ililiita gari la chumba, Santa Fe na Burlington zikaliita gari la njia. Msomaji wa Afrika Mashariki atalitambua kwa haraka zaidi akilifananisha na behewa la gadi, ingawa kabusi ilikuwa makazi kwa kiasi ambacho behewa la gadi halikuwa.

Insha hii inachunguza kipindi kimoja katika historia ya chombo hicho, yaani kuanzia miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1980, ambapo kampuni za reli zilianza kupitisha treni nzima kutoka njia ya kampuni moja hadi njia ya kampuni nyingine bila kuivunja. Injini zilivuka mpaka, na baada yake kabusi nazo zikavuka. Suala hili limeshughulikiwa zaidi na waundaji wa reli za mfano kuliko wanahistoria wa vyuo, kwa sababu ambayo itaelezwa baadaye. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kabusi ya pamoja haikuwa jambo la ufundi tu. Ilikuwa kwanza jambo la kazi na haki za wafanyakazi, na kabusi ilipokosa mwenyewe, kuiondoa kabisa kukawa kwepesi zaidi.

2.0 Nyumba ya kondakta

Kabusi ilihitajika kwa sababu treni ni ndefu na macho ya dereva hayafiki mwisho wake. Kabla ya breki ya hewa aliyoibuni George Westinghouse mwaka 1869 kuenea katika treni za mizigo, wafungabreki walitembea juu ya mapaa ya mabehewa, usiku na katika barafu, wakizungusha magurudumu ya breki za mkono moja baada ya jingine. Wengi walianguka, na wengine walipoteza vidole au uhai walipokuwa wakiunganisha mabehewa kwa mikono. Sheria ya Vifaa vya Usalama ya mwaka 1893 ilizilazimisha kampuni kuweka breki za hewa na viunganishi vinavyojifunga vyenyewe. Hata baada ya hapo, kabusi haikupoteza kazi.

Kazi hizo zilikuwa kadhaa. Treni iliposimama mahali pasipotarajiwa, mfungabreki wa nyuma alishuka na bendera, taa, mienge ya moto mwekundu na fataki za kufunga juu ya reli, akarudi nyuma umbali wa kutosha kuizuia treni iliyokuwa ikifuata. Hiyo ndiyo Kanuni ya 99, ambayo kila mfanyakazi wa treni aliijua kwa moyo. Treni ilipokuwa ikienda, kondakta na mwenzake waliketi dunguni wakitazama mabehewa yaliyo mbele, hasa kwenye kona, wakitafuta moshi wa ekseli iliyochemka. Beringi za zamani zilipakwa mafuta kwa matambara yaliyoloweshwa, na zikikauka zilipata moto hadi ekseli ikakatika na treni ikaacha njia. Ukutani palikuwa na geji ya shinikizo la hewa, na kando yake valvu ya dharura ambayo kondakta angeweza kuifungua na kuisimamisha treni nzima kutoka mkiani. Valvu hiyo itatajwa tena.

Neno dungu limetumika hapa kwa makusudi. Mkulima hujenga dungu shambani ili aone ndege na ngedere kabla hawajafika kwenye mazao. Kondakta alijengewa lake ili aone madhara kabla hayajafika kwenye reli. Masimulizi ya wafanyakazi yanampa sifa ya ubunifu huo kondakta mmoja wa Chicago & North Western, T. B. Watson, ambaye mwaka 1863 anasemekana alisafiri ndani ya behewa lenye tundu paani, akasimama juu ya masanduku, akatoa kichwa nje na kuipenda hali hiyo. Yawe kweli tupu au yameongezwa chumvi, masimulizi haya yanalingana na jinsi chombo chenyewe kilivyokua, kwa kuwa umbo la kabusi lilitokana zaidi na mahitaji ya waliomo ndani kuliko na michoro ya ofisini.

Jambo lenye uzito zaidi kwa hoja ya insha hii ni umiliki. Kwa muda mrefu kabusi haikuwa ya kampuni tu. Ilikuwa ya kondakta. Kila kondakta alipangiwa kabusi yake, na namba yake ilijulikana kama namba ya nyumba. Malipo ya siku moja ya kazi yalihesabiwa kwa maili 100, yaani kilomita 160, na vituo vya kubadilishia wafanyakazi vilipangwa kwa umbali unaokaribiana na huo au kuuzidi kidogo. Kondakta alipofika kituo cha mbali na kwake, kabusi ilikatwa, ikawekwa kwenye njia ya pembeni, na yeye na wenzake wakalala humo mpaka zamu ya kurudi. Alikuwa na sufuria zake, blanketi zake, pazia pengine lililoshonwa na mkewe, na makaa aliyoyachagua mwenyewe. Kumwondoa kondakta katika kabusi yake kulikuwa sawa na kumhamisha mtu nyumba bila kumwonyesha anakohamia.

Mpango huo ulikuwa na gharama yake. Katika kila kituo cha kubadilishia wafanyakazi, injini ya kushanti ililazimika kuja, kuikata kabusi ya kondakta anayeshuka na kuiunga ya anayepanda, kisha breki zikajaribiwa upya. Treni ya kwenda mbali iliyarudia haya katika kila kituo. Hapo ndipo wazo la kwanza la kabusi ya pamoja lilipozaliwa, na ni muhimu kusisitiza kwamba lilizaliwa ndani ya kampuni moja moja kabla halijavuka mipaka. Kampuni zilitaka kabusi iende na treni tangu mwanzo hadi mwisho, wafanyakazi wakishuka na kupanda ndani yake kama abiria. Vyama vya wafanyakazi havikukataa moja kwa moja, lakini vilidai bei: mahali pa kulala panapolipiwa na kampuni, posho ya chakula, na viwango vya usafi na vifaa ndani ya kabusi ambayo haikuwa na mtu wa kuionea uchungu. Makubaliano yalifikiwa reli moja baada ya nyingine. Mwaka 1969 vyama vinne vya wafanyakazi, kikiwamo cha makondakta na cha wafungabreki, viliungana kuwa chama kimoja, United Transportation Union, na kuanzia hapo mazungumzo juu ya kabusi yalikuwa na upande mmoja wenye sauti ya taifa zima.

3.0 Kwa nini treni zilianza kupitiliza

Reli za Marekani hazikuwahi kuwa mali ya shirika moja. Zilikuwa za kampuni nyingi binafsi, na hadi leo hakuna kampuni moja ya Marekani inayofika kutoka pwani ya Atlantiki hadi ya Pasifiki. Mzigo wa kutoka New York kwenda California ulipaswa kukabidhiwa mkononi mwa kampuni nyingine mahali fulani njiani, na mahali hapo mara nyingi palikuwa Chicago, St. Louis au Kansas City. Treni iliingia yadini, ikavunjwa, mabehewa yakapangwa upya na kuvutwa na reli ndogo za mzunguko kama vile Belt Railway of Chicago hadi yadi ya kampuni nyingine, yakavunjwa tena na kupangwa tena. Mzigo uliotembea maili mia kadhaa kwa usiku mmoja uliweza kukaa mjini humo kwa muda mrefu kuliko muda wote wa safari iliyotangulia.

Hali hiyo ilivumilika wakati mpinzani hakuwapo. Mwaka 1956 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kujenga barabara kuu zenye urefu wa maili 41,000, na malori yakapata njia isiyosimama. Viwanda vya magari, vilivyohitaji vipuri vifike kwa saa na si kwa siku, vilikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza kulalamika. Reli zilijibu kwa kupanga mabehewa mapema, mbali na miji ya makabidhiano, ili treni nzima yenye mzigo wa kampuni inayofuata ifike mpakani ikiwa tayari. Wafanyakazi wa kampuni ya kwanza hushuka, wa pili hupanda, na treni huendelea. Hii ndiyo treni ya kupitiliza.

Mfano ulio wazi ni ule wa Union Pacific na Chicago & North Western. Kampuni hizi mbili zilikutana upande wa mashariki wa Nebraska. Badala ya kupitisha kila kitu katika yadi za Omaha na Council Bluffs, treni zilikabidhiwa Fremont, mji mdogo ulio magharibi zaidi, ambako C&NW ilikuwa na njia yake ya mkato kupitia Blair. Treni iliyopangwa huko North Platte, kwenye yadi kubwa ya Union Pacific, iliweza kufika yadi ya Proviso karibu na Chicago bila kuguswa. Injini za njano za Union Pacific zikawa za kawaida huko Iowa na Illinois.

Kulikuwa na mashirikiano mengine ya umri mkubwa zaidi. Ile iliyoitwa kwa utani Njia ya Alfabeti, kwa sababu ya vifupisho vingi vya majina ya kampuni zilizoiunda, iliunganisha kampuni ndogo za mashariki ili zishindane na Pennsylvania na New York Central. Kiungo chake muhimu kilikamilika mwaka 1931, Pittsburgh & West Virginia ilipokutana na Western Maryland mjini Connellsville. Kampuni hizo zilijua kwamba kila moja peke yake ni dhaifu, kwa hiyo zilizoea kufanya kazi kana kwamba ni moja. Mwaka 1964 Norfolk & Western ilizimeza kadhaa kati yake.

4.0 Kabusi kuvuka mpaka

Injini ilivuka kwa urahisi kiasi. Hesabu zake zilifanywa kwa saa na nguvu za farasi: kampuni iliyotumia injini za mwenzake ilidaiwa saa kadhaa za nguvu kadhaa, na ikalipa deni hilo kwa kutoa injini zake zitumike upande wa pili. Mabehewa ya mizigo nayo yalikuwa na kanuni za taifa za siku nyingi zilizosimamiwa na umoja wa kampuni za reli. Behewa la Maine lingeweza kuonekana Arizona na hakuna aliyeshangaa. Kabusi haikuwa katika fungu lolote kati ya haya mawili. Haikubeba mzigo wala haikuvuta, na ilipokwenda kwa jirani ilibidi kuwe na mapatano ya pekee, kwa kawaida yakisawazisha maili ambazo kabusi za kila upande zilitembea kwenye njia ya mwenzake.

Vikwazo vilivyofuata vilikuwa vidogo kwa sura na vikubwa kwa usumbufu. Kwanza ni redio: kila kampuni ilikuwa na masafa yake, na kabusi isiyoweza kuongea na injini ya mbele wala na stesheni za njiani ilikuwa kiziwi. Pili ni kufuli, kwa kuwa kila reli ilikuwa na ufunguo wake na mfanyakazi wa upande wa pili alihitaji kuupata. Tatu ni joto. Kabusi za zamani ziliwaka makaa, mpya zikatumia mafuta, na kituo kilichozoea moja hakikuwa na akiba ya nyingine. Katika uwanda wa Nebraska mwezi Januari jambo hilo si la mzaha. Ziliongezeka taa za mkiani, maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza, bendera na fataki, vyote vikipaswa kujazwa na kampuni ambayo haikuinunua kabusi.

Kikwazo kingine kilikuwa sheria za majimbo. Baadhi ya majimbo yaliweka urefu wa chini wa kabusi, fremu ya chuma na vyoo, na mengine yaliilazimisha kabusi iwepo. Fremu ya chuma haikuwa anasa. Milimani, injini ya kusukuma iliwekwa nyuma ya treni, na kabusi ya mbao iliyobanwa kati ya injini hiyo na mabehewa mazito iliweza kupasuka kama kiberiti. Mwaka 1980 zikaanza kutumika kanuni za serikali kuu juu ya vioo vya usalama katika injini, mabehewa ya abiria na kabusi, kwa kuwa mawe na risasi vilikuwa vimeanza kurushwa kwa treni zilizopita mijini. Kila kanuni ya namna hii ilipunguza idadi ya kabusi zilizofaa kuvuka, na ndiyo maana kampuni zilitenga chache zilizo mpya na imara kwa huduma ya pamoja.

Umbo nalo lilikuwa na ubishi wake. Baltimore & Ohio, iliyokuwa na njia za chini ya milima, iliacha dungu kuanzia miaka ya 1930 na kuweka dirisha lililotokeza ubavuni. New York Central, Southern, Southern Pacific na Milwaukee zilifuata mkondo huo kwa viwango mbalimbali; Pennsylvania, Union Pacific, Santa Fe na Norfolk & Western zilibaki na dungu. Mabehewa yalipoongezeka kimo, hasa yale ya kubebea magari na matrela, dungu lilianza kutazama ukuta mtupu. Kiwanda cha International Car mjini Kenton, Ohio, kilileta suluhu ya kati: dungu pana lililozidi ubavu wa behewa, likimwezesha mtu kuona juu na kando. Kabusi za aina hiyo ziliuzwa kwa kampuni nyingi na zilifanana kiasi kwamba kondakta wa kampuni moja alijikuta nyumbani, au karibu na nyumbani, ndani ya kabusi ya nyingine.

Je, wafanyakazi walizipokea vipi? Ni jambo la kueleweka kwamba kabusi ya wote haikutunzwa na mtu. Jiko lililoachwa na majivu Clinton lilimkuta mwingine Boone, na malalamiko juu ya uchafu wa vyombo vya pamoja yaliingia katika madai ya vyama. Mtu aliyewahi kuishi katika nyumba ya kupanga yenye choo kimoja kwa wapangaji wote hahitaji maelezo zaidi. Hata hivyo si haki kuusifu mno mpango wa zamani. Kulala katika kabusi iliyoegeshwa yadini, kati ya kelele za kushanti, hakukuwa raha, na wengi walipopata kitanda cha hotelini hawakutamani kurudi.

5.0 Ushahidi wa reli za mfano

Kumbukumbu za ofisi kuhusu kabusi ni haba. Kampuni ziliandika kwa makini juu ya injini, ambazo zilikuwa ghali, na kidogo juu ya mabehewa ya mkiani. Pengo hilo limezibwa na waundaji wa reli za mfano. Mtu anayejenga mandhari ya Iowa ya mwaka 1972 kwa kipimo cha 1:87 hawezi kuikwepa hoja: nyuma ya treni hii nifunge kabusi ya nani? Ili kulijibu swali hilo, wapenzi hawa wamekusanya picha, orodha za namba na tarehe za kupakwa rangi kwa subira ambayo chuo kikuu hakijawahi kuigharimia.

Ushahidi wao unahitaji kutumiwa kwa tahadhari. Mpiga picha huvutwa na kilicho kigeni; kabusi ya njano ya Union Pacific ikiwa Illinois hupigwa picha mara kumi, ya C&NW iliyopita kabla yake haipigwi hata mara moja. Matokeo yake ni picha inayoonyesha ugeni mwingi kuliko uliokuwapo. Hesabu za maili zilidai usawa, kwa hiyo kabusi ngeni ilirudishwa na treni ya kurudi, na haikutarajiwa kuzurura kwenye treni za vijijini zinazoacha behewa moja kwenye ghala la nafaka. Treni hizo ziliendelea kuwa na kabusi kuukuu za kampuni yenyewe, wakati mwingine zile zile ambazo kondakta wa miaka ya 1940 aliziita nyumbani. Anayejenga reli ya mfano kwa uaminifu ataweka kabusi ngeni chache, tena kwenye njia kuu tu. Aidha hatachukulia kwamba injini tatu za kampuni ya pili zikiwa mbele ya treni, kabusi nayo ni lazima iwe ya kampuni hiyo. Mapatano ya injini na ya kabusi yalikuwa mawili tofauti.

6.0 Kuondolewa kwa kabusi

Sababu za kuwapo kwa kabusi zilikuwa zikipungua moja moja wakati wote huu. Beringi za rola zilipunguza kuchemka kwa ekseli, na vifaa vya kando ya reli vilivyopima joto vilifanya kazi ya macho ya dunguni. Ishara zinazojiendesha na njia zinazoongozwa kutoka mbali ziliipunguzia Kanuni ya 99 umuhimu wake. Florida East Coast, iliyokuwa katika mgogoro mrefu na vyama vyake tangu mgomo wa mwaka 1963, iliondoa kabusi mapema katika miaka ya 1970. Kwa kampuni nyingine mlango ulifunguliwa na mapatano ya taifa ya Oktoba 1982 na United Transportation Union, yaliyoruhusu suala la kabusi lijadiliwe na, pasipo mwafaka, lipelekwe kwa wasuluhishi.

Treni za kupitiliza zilikuwa ndizo zilizofaa zaidi kuanza nazo. Zilikwenda mbali, hazikuacha mabehewa njiani, na kabusi zake hazikuwa za kondakta yeyote. Kuiondoa kabusi ya pamoja hakukuwa kumfukuza mtu nyumbani mwake, kwa sababu nyumba ilikuwa imekwisha kuchukuliwa miaka kumi au ishirini kabla, kwa bei iliyolipwa kwa vitanda vya hoteli. Kondakta alihamia ndani ya injini. Mfungabreki wa nyuma, katika reli nyingi, hakuhamia popote.

Mahali pa kabusi palichukuliwa na kisanduku kinachoning'inizwa kwenye kiunganishi cha mwisho, chenye taa nyekundu inayomemeteka na kipimo cha shinikizo la hewa kinachotuma habari kwa redio hadi kwa dereva. Visanduku vya mwanzo vilisema tu, havikuweza kutenda. Dereva alijua kwamba hewa ya mkiani imepungua au haikupungua, lakini hakukuwa na mkono nyuma wa kufungua valvu ya dharura. Tarehe 1 Februari 1996, treni ya mizigo ilishindwa kuzuilika ikiteremka Cajon Pass, California, kwa kuwa bomba la breki lilikuwa na kizuizi na breki za nyuma hazikupokea amri ya mbele. Iliacha njia, na wafanyakazi wawili kati ya watatu waliokuwa ndani ya injini walifariki. Kifaa kinachoweza kupokea amri na kufunga breki kutoka mkiani kilikuwa kimekwisha kubuniwa. Mwaka 1997 kanuni za serikali zililazimisha kitumike katika treni nyingi za njia kuu.

Kabusi zilizobaki ziliuzwa. Nyingine ni maktaba ndogo, vibanda vya watalii au mapambo ya bustani za miji ambayo reli yenyewe imeng'olewa. Chache zingali kazini kwenye njia za viwandani, pale treni inapolazimika kurudi kinyumenyume maili kadhaa na mtu anahitajika kusimama mbele yake akitazama njia. Vitabu vya kazi haviziiti kabusi tena bali majukwaa ya kusukumia. Madirisha yamezibwa kwa bati, jiko limetolewa, mlango umechomelewa, na mfanyakazi husimama kibarazani, nje, na redio yake mkononi.